Mama wa Taa na Maji ya Fedha

Kila jioni, jua liliposhuka mpaka kwenye bomba kubwa la moshi la kiwanda, Mama wa Taa aliacha neno katikati na kusimama. Hata kama alikuwa anakula, hata kama padri amekuja kumtembelea, alisimama. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeitwa, akajifuta mikono kwenye kitenge, kisha akakumbuka kwamba yuko mtaani Katuba, mbali na ziwa lolote, na kwamba hakuna anayemngoja awashe kitu. Ndipo alipoketi tena. Neno aliloliacha hakulimalizia.

Nilikuwa jirani yake miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa nimeolewa karibuni na Feliksi, fundi wa injini katika gereji ya treni, na nyumba yetu ya matofali ilipeana mgongo na yake. Kati yetu palikuwa na ua wa matembele na bomba moja la maji. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani. Mtaa mzima ulimwita Mama wa Taa, kwa sababu kabla ya kuja Elisabethville alikuwa mke wa mlinzi wa mnara wa taa, ule Wazungu wanaouita phare, juu ya kisiwa cha mawe katika ziwa Tanganyika.

Aliiogopa taa, na aliipenda. Dirishani kwake hakuweka taa hata siku moja. Alisema taa ya dirishani inaita. Lakini kioo cha taa yake ya petroli kilikuwa safi kuliko vyote mtaani, na wanawake walimletea vya kwao avisafishe. Alivipangusa kwa majivu na kitambaa laini, akavipumulia, akavigeuza juani polepole. Uso wake ulilainika wakati huo, ukawa uso wa mtu anayemwogesha mtoto. Kisha mikono yake ilianza kutetemeka, nasi tukajifanya hatuoni.

Alikuwa mtu wa misa ya kila asubuhi, na rozari yake ilikuwa imelika kwa vidole. Hata hivyo, akitoka kanisani alipita nyuma ya nyumba akatupa unga kidogo chini, kwa ajili ya mzimu wa kile kisiwa. Siku moja nilimuuliza kama padri anajua.

"Mungu njo mwenye dunia yote," alinijibu kwa Kiswahili cha mtaa wetu, bila kucheka. "Lakini kule kwenye jiwe alikuwaka na bapangaji."

Watoto walimwogopa. Hakuwapiga wala kuwafokea, ila walipocheza goroli mbele ya mlango wake alisimama akizitazama zile goroli zikikimbia, akazitazama mpaka wenyewe wakaziokota na kwenda kuchezea mbali. Mama mmoja alidai kwamba mwanawe alipata homa kwa macho yale. Mimi sikuamini, lakini nilipopata mimba, nakiri, nilianza kupita upande wa pili wa bomba.

Historia ya ule mnara aliisimulia kwa vipande, kimoja leo, kingine baada ya mwezi, tukichambua sombe, majani ya muhogo. Zamani wavuvi walikizunguka kile kisiwa kwa mbali. Hapakuwa na mti wala udongo wa kuzikia mtu; palikuwa na mawe meusi na ndege. Waliopita karibu walitupa unga majini na kufunga midomo. Baadaye zikaja meli za chuma, na moja ikapasuka juu ya mwamba wakati wa mvua. Wazungu wakaamua kujenga mnara. Walileta saruji kwa mashua, na watu wa kuibeba waliwatoa katika vijiji vya ufukweni, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kamba. Wawili au watatu walichukuliwa na mawimbi kabla ukuta haujafika kifuani. Kazi haikusimama kwa ajili yao.

Mwisho vikaja vioo kutoka Ulaya, virefu kuliko mlango, vya kuizunguka taa ili mwanga wake uende mbali. Vilikuwa vizito sana, kwa hiyo wakaviweka vielee juu ya beseni la chuma lililojaa maji ya fedha.

"Maji ya fedha ndiyo nini, Mama?"

"Mayi yenye hailoweshe mukono," alisema. "Iko nzito kama jiwe, inakimbia kama panya. Ukisukuma bile bioo na kidole kimoja, binazunguka byote."

Mlinzi wa kwanza alikuwa askari aliyemaliza kazi ya bunduki, mtu wa kicheko. Baada ya misimu michache mashua ya chakula ilimkuta amefunga mlango kwa mnyororo wa nanga, analia kwamba wavuvi wanamcheka, na wavuvi hawakuwapo. Wa pili alikuwa katekista mpole. Mikono yake ilitetemeka hata kijiko hakikufika mdomoni. Alirudishwa kwao, akafa bila kumwambia mtu neno. Wa tatu alikuwa mume wa Mama wa Taa. Kila masimulizi yalipofika hapo, Mama aliinuka kwenda kutazama chungu.

"Jiwe halikimbie," alikuwa akisema akirudi. "Ni muntu njo iko na miguu."

Basi, katikati ya mimba yangu, Feliksi alirudi kutoka kazini amevaa uso wa sikukuu. Kampuni ya meli za ziwani ilitafuta mlinzi wa mnara, mtu anayejua mashine. Mnara ulikuwa ule ule. Aliyekuwako alikuwa ameondoka, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

"Kule hakuna muzungu wa kuniita boy," aliniambia. Alikuwa ameketi kitandani, viatu bado miguuni. "Unasikia? Asubuhi naamuka, mukubwa ni miye. Nyumba ya mawe, bendera, kofia ya kazi. Mutoto wetu atazaliwa mutoto ya chef, ya mukubwa."

Sikuweza kumcheka. Nilikuwa nimemwona gerejini, mtu mzima, akisimama wima mbele ya kijana wa Kizungu ambaye hakujua hata kufunga nati, na kijana anamwita kwa mluzi. Mtu anaweza kwenda hata kwenye jiwe kwa ajili ya kuukimbia mluzi ule.

Habari ilipita uani kabla ya chakula. Mama wa Taa alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Feliksi, mwana, usiende. Lile jiwe halipende bantu."

"Mama, bazimu balikufa tangu stima ilikuya."

"Bazimu banabaki. Ni siye tunakufaka."

Feliksi alimpa kiti kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aksanti. Mama alipoondoka, Feliksi alinitazama na kusema, "Ni mama muzuri. Lakini ile upweke ilimuharibu kichwa." Wiki ile ile akaweka kidole chake kwenye mkataba.

Kabla ya siku ya safari nilipata homa. Mama wa Taa alinisindikiza dispanseri, kwa sababu Feliksi alikuwa kazini. Tuliketi kwenye benchi na akina mama wengine. Mwuguzi, kijana mwenye haraka, alinipima joto, na alipokitoa kile kipimajoto kwapani kikamponyoka. Kilivunjika kwenye saruji. Matone madogo meupe yakakimbia chini ya benchi, yakagawanyika, yakaungana tena.

Mama wa Taa alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Alipanda juu ya benchi na umri wake ule, kitenge amekikusanya magotini.

"Imenifuata," alisema. "Imenifuata mpaka huku!"

Watu walicheka. Mwuguzi naye alicheka, akapiga magoti na kuyakusanya matone kwa kipande cha karatasi. "Mama, shuka. Ni mercure tu, ile mayi ya fedha ya kupimia joto. Iko na sumu, lakini kadogo hivi haina neno. Mubaya ni kufungiwa nayo mu nyumba. Mutu akivuta ile hewa yake siku mingi, mikono inatetemeka, meno inatikisika, akili inamutoka. Anaogopa kila kitu. Batoto njo inaharibu mbio."

Kicheko kilikwisha kwenye benchi. Mama wa Taa bado alikuwa juu, ameshika ukuta.

"Batoto inabafanya nini?" aliuliza.

"Mikono na miguu inakuwa myekundu kama nyama, ngozi inatoka. Habalale, banalia tu. Juu ya nini unauliza, Mama?"

Alishuka polepole, mguu mmoja halafu mwingine. Alinipita kama hanijui, akatoka nje, akaenda zake katikati ya barabara bila kutazama malori. Nilimkuta uani baadaye, ameketi chini karibu na bomba, na siku hiyo ndipo aliposimulia kipande alichokuwa akikikwepa.

Kila msimu yale maji ya fedha yalichafuka kwa vumbi na nondo. Fundi wa Kizungu alimfundisha mume wake kuyachuja kwa kitambaa. Mikono ya mume ilipoanza kutetemeka, yeye mke alisema, lete nikusaidie. Kule juu upepo ulimsumbua, kwa hiyo aliyashusha kopo kwa kopo mpaka jikoni, akayachuja karibu na moto kwa kitenge chake mwenyewe. Matone yaliyoanguka yalikimbia sakafuni. Walikuwa na binti, mtoto wa kutambaa anayeanza kusimama.

"Alikuwa anabikimbiza," alisema. "Anabishika, binamuponyoka, anacheka. Kule hakukuwa kintu ya kuchezea, mwana. Jiwe tupu. Nikasema, acha acheke."

Mikono ya mtoto ikawa myekundu. Alilia mchana kutwa, akakataa titi la mama, akaisha kama mshumaa. Walimpeleka kumzika ufukweni kwa mtumbwi. Mama wa Taa aliamini ni mzimu, akaanza kutupa unga. Mume naye akasema kuna mtu anapanda ngazi nyuma yake. Akawa anaizima taa, ili huyo mtu asimwone. Mke anawasha, mume anazima. Jioni moja mume alishuka kwenye mawe akaingia majini, bila kukimbia, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Mke alibaki akiwasha taa peke yake mpaka mashua ya chakula ilipofika, kwa sababu meli zilikuwa zinapita na watu ndani.

Nilimshika bega. Hakulia.

"Mzimu unaweza kumuomba," alisema. "Miaka yote hii nilimupa unga, nilimwambia, basi, uliisha kunipiga, niache. Ile mayi, utaiomba nini?"

Tangu siku ile hakutupa unga tena. Jumapili iliyofuata hakwenda misa pia.

Nilimweleza Feliksi yote. Alinisikiliza, na nilimwona ameshtuka, maana yeye ni mtu wa mashine na neno sumu aliliheshimu kuliko neno mzimu. Alikwenda kumuuliza Mzungu wa kampuni. Akajibiwa kwamba beseni sasa lina kifuniko, kwamba waliotangulia walikuwa walevi, na kwamba kama anaogopa, wako wengine. Hilo la mwisho ndilo lililompeleka. Tulikubaliana aende, nami nimfuate mtoto akizaliwa.

Siku ya treni Mama wa Taa hakumuaga Feliksi. Alinishika mkono wangu mimi, akaubana mpaka ukauma. "Weye na ile tumbo," alisema, "hamutoke hapa."

Mwanangu Anto alizaliwa wakati wa baridi. Salamu za Feliksi nililetewa na kondakta wa treni ya ziwani, mtu wa mtaa wetu. Mwanzoni zilikuwa salamu nzuri: anavua samaki, anasafisha vioo, anauliza mtoto amefanana na nani. Halafu kondakta akawa ananipa salamu huku akitazama pembeni. Feliksi amegombana na watu wa mashua. Feliksi hashuki kupokea chakula, wanakiacha juu ya mawe. Mwisho akaniambia, akiikunja kofia yake mikononi: "Mama Anto, bwana yako anauliza ule mutu unamutumiaka kila siku kupanda ngazi ni nani."

Mama wa Taa alikuwa anamwogesha Anto. Alimfunika kwa taulo, akaniwekea mapajani, akaingia kwake. Alitoka na kifurushi.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kumutosha kule, arudi."

"Basi twende wote. Ni mume wangu."

"Weye unanyonyesha," alisema. "Miye sina wa kunyonyesha."

Alipanda treni ile ile iliyoleta habari. Nilibaki na mtoto mchanga na hofu mbili. Sikuwa na hakika ni nani kati ya wale wawili ningemwona tena, na usiku mwingine nilifikiri vibaya zaidi: kwamba Mama wa Taa alikuwa amepata sababu ya kurudi kwenye kitu alichokipenda.

Aliyerudi kwanza ni Feliksi, peke yake. Alisimama mlangoni akaniita madame, kama boy anayemwita bibi wa Kizungu. Alikuwa amekonda, ufizi wake una damu, na alipojaribu kumshika Anto nilimwona anajizuia, akirudisha mikono nyuma kuificha. Siku kadhaa zilipita kabla hajanieleza. Yule mama alifika kwa mashua, akasimama chini ya ngazi, hakupanda. Alimsemesha kutoka pale pale chini, taratibu, mchana mzima, habari za matembele, za Anto, za bomba letu linalovuja. "Hakusema niko mugonjwa," aliniambia Feliksi. "Alisema tu, mwana, shuka, miye nitawasha leo." Alishuka. Mashua ikamchukua. Mama alisema atakuja na mashua itakayofuata.

Wiki zilipita. Alipotokea uani, hakuwa na kifurushi. Watu wa kampuni walikuwa wamemhoji, lakini kikongwe anayejibu "sijui" kwa kila swali utamfanya nini? Nilimpa bukari, ugali wa kwetu, na samaki, hakugusa. Feliksi aliketi mkabala naye.

"Nimeimwaga," alisema Mama wa Taa.

"Nini, Mama?"

"Yote. Kopo kwa kopo, mu ziwa, pa kina. Bile bioo bilishuka bikakaa juu ya chuma. Habizunguke tena. Na taa niliivunja."

Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa tayari nimeinuka. Lakini Feliksi alipata rangi usoni, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mtu mwenye kazi yake.

"Na meli?"

Mama wa Taa alisogeza sahani ya samaki pembeni.

"Mama. Na meli?"

"Kapiteni iko na macho."

"Mu mvua? Mu giza, na lile jiwe pale katikati?"

Ningependa kusema kwamba Mama wa Taa hakuwa ameliwaza hilo. Lakini alikuwa ameishi kule, alikuwa ameiwasha taa ile akiwa mjane, peke yake, kwa ajili ya meli zile zile. Aliliwaza. Alipima watu wa mnarani na watu wa melini, akachagua, na uchaguzi huo hakumshirikisha mtu.

Kampuni ilisema vioo vingine vitaagizwa Ulaya. Lakini siku zile mjini watu walikuwa wameanza kusema uhuru kwa sauti, Wazungu wa mtaa wa Golf walikuwa wanafunga masanduku, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kutengeneza mnara juu ya jiwe. Hivyo ndivyo mnara ulivyokwisha.

Mvua zilipoanza, Mama wa Taa alianza kwenda gare, kituo cha treni, kila treni ya ziwani ilipoingia. Alimngoja yule kondakta na kumuuliza jambo moja tu: "Meli ilifika?" Kondakta hakujua kwa nini anaulizwa, lakini alijibu, "Ilifika, Mama." Mama alirudi akitembea kama msichana. Nyumbani Feliksi alikuwa mlangoni, naye anauliza vile vile. Hakurudia tena kazi ya injini. Alikuwa anatengeneza viti, polepole, siku ambazo mikono ilimruhusu. Alilala vizuri siku za jibu lile, na siku za kungoja hakulala. Yule mama na mume wangu hawakugombana kamwe. Waliingoja meli pamoja, msimu baada ya msimu, na mimi sikuwa na nafasi katika kungoja kwao.

Mara ya mwisho nilikwenda naye, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Treni ilichelewa. Ilipoingia, abiria wa ziwani walishuka kimya, na mama mmoja alikuwa anashushwa amebebwa mabegani na wenzake, ingawa hakuwa na jeraha.

Kondakta alituona. Hakutukimbilia kama siku zote. Alikuja akiwa amevua kofia.

"Meli ilifika?" aliuliza Mama wa Taa.

"Mama, ile ya kutoka kusini..." Alinitazama mimi, kama mtu anayeomba ruhusa. "Ilipiga jiwe. Ilikuwa imejaa bantu ba soko."

"Basi," alisema.

Aliketi pale pale juu ya saruji, katikati ya vikapu vya watu, na hakukubali tumwinue. Hakuuliza wangapi. Hakuuliza kama kuna waliopona. Aliketi mpaka mabehewa yakavutwa na gare ikabaki tupu, kisha akanyoosha mkono nimsaidie, tukaenda nyumbani kwa miguu katika mvua ile.

Feliksi alikuwa amesimama mlangoni, mvua ikimpiga usoni, Anto amemshika suruali.

"Meli?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Mama wa Taa alinisukuma kidogo kwa bega, akapita mbele yangu, akamfuta mume wangu maji ya mvua usoni kwa ncha ya kitenge chake.

"Ilifika, mwana," alimwambia. "Ilifika muzuri. Ingia, ulale."